Mwanangu, Nimekudanganya Nini?

Picha iliingia WhatsApp saa moja na robo asubuhi, nikiwa nimesimama kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine unapapasa simu mfukoni. Ilikuwa picha ya kioo cha kompyuta, imepigwa mshazari, mwanga wa taa ya dukani umeng'aa juu yake, kidole gumba kimeingia pembeni. Katikati kulikuwa na kisanduku chekundu chenye maneno ninayoyajua kuliko mtu yeyote, maana niliyaandika mimi:

JARIBIO LA UDANGANYIFU LIMEGUNDULIKA. PROGRAMU IMEFUNGWA. WASILIANA NA MTENGENEZAJI.

Mtengenezaji ni mimi.

Ikafuata voisi ya sekunde kumi na tisa. Nyuma anasikika mtu akitaka misumari ya inchi nne, kilo mbili. Halafu yule mama mwenye duka, sauti yake wala haijapanda: "Mwanangu, habari za asubuhi. Hii kompyuta inasema mimi mdanganyifu. Nimekudanganya nini? Si nilikulipa mwezi wa tatu?"

Alinilipa. Laki na ishirini, siku tano kabla ya leseni kwisha, kama anavyofanya kila mwaka tangu 2020. Nina wateja ishirini na wawili wanaotumia programu yangu ya mauzo ya duka, na katika wote hao yeye ndiye pekee ambaye sijawahi kumkumbusha.

Nilishuka kituo kilichofuata.

## Betri ya elfu mbili

Usiku wa kuamkia siku hiyo umeme ulikatika Tandika, Dar es Salaam, liliko duka lake. Kompyuta ya dukani kwake ni ya mezani, ya mtumba, na kama kompyuta nyingi za namna hiyo ina kibetri cha duara ndani yake, mfano wa sarafu, CR2032, volti tatu. Kazi yake ni kuishikia saa isisahau muda wakati umeme haupo. Cha kwake kilikuwa kimeshakufa, pengine siku nyingi, na hakuna aliyejua kwa sababu kompyuta ile ilikuwa haichomolewi. Asubuhi umeme uliporudi, ikawaka, ikaangalia saa yake: tarehe 1 Januari 2013.

Kompyuta yenye intaneti hujisahihisha yenyewe baada ya muda. Ya kwake haina intaneti. Programu yangu niliiuza kwa sifa hiyohiyo, kwamba haili bando.

Basi programu ikafunguka. Ikatazama mauzo ya mwisho: 14 Mei 2025, saa mbili kasoro usiku, saruji mfuko mmoja. Ikatazama saa: 2013. Ikakata shauri kwamba kuna mtu karudisha saa nyuma ili leseni isiishe. Ikafunga.

Ilifanya nilichoiagiza, herufi kwa herufi.

Ikishafunga namna ile haifunguki mpaka mteja anisomee namba ya herufi kumi na sita iliyo kwenye kioo chake, niiingize kwenye laptopu yangu, nipate nyingine ya herufi kumi na sita, nimsomee na yeye aandike. Nilikaa kwenye kreti la soda nje ya kibanda cha wakala wa pesa, laptopu mapajani, bodaboda zinapiga honi.

"B."

"B ya baba au D ya dada, mama?"

"Ya baba. Halafu sifuri."

"Sifuri, au O?"

"Mwanangu, hiki ni kiduara tu."

Tulikosea mara tatu. Mara ya tano programu ingejifunga saa ishirini na nne bila kupokea namba yoyote, na hilo nalo niliweka mimi. Jasho lilinitoka. Duka likafunguka saa tatu kasoro. Muda wote huo yeye aliuza kwa kaunta buku, ileile ambayo miaka mitano iliyopita nilimwambia aitupe kwa kuwa sasa ameingia dunia ya kisasa.

Hakuitupa.

Mchana nikampelekea betri. Alikataa katakata niilipie mimi. Akahesabu elfu mbili akaziweka juu ya meza. Nilikuwa nafunga skrubu ya mwisho aliponiuliza, huku akimpimia mtu rangi: "Lile neno, ulikuwa unamwandikia nani?"

"Ni kwa ajili ya wezi, mama."

"Sasa mbona lilikuja kwangu?"

Wiki saba zimepita tangu siku hiyo. Hasara ya asubuhi ile hajaitaja hata mara moja, wala foleni, wala wateja walioondoka. Alichouliza ni neno.

## Nilikuwa namwandikia nani

Nilikuwa na mtu wangu kichwani.

Mwaka 2019 mteja wangu wa kwanza kabisa alikuwa muuza spea za pikipiki. Alinunua nakala moja kwa laki tatu na nusu, nikaona nimefika. Miezi michache baadaye nikapita kwenye duka lake la pili, nikaiona programu inafanya kazi. Nikaenda la tatu. Nikaenda la nne. Kijana mmoja alikuwa amezunguka na flashi siku moja tu, kazi imekwisha.

Hilo lingevumilika. Baada ya hapo nikaambiwa kuna fundi Kariakoo anaiuza elfu thelathini, kifurushi kimoja na Windows, antivairasi na filamu za Kihindi zilizotafsiriwa. Hakujisumbua hata kufuta ukurasa wa "Kuhusu", wenye jina langu na namba yangu ya simu. Kwa hiyo watu walionunua mali yangu ya wizi walikuwa wananipigia mimi wakikwama. Mmoja aliniambia huduma yangu mbovu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Usiku huo nilikaa mpaka saa nane nikianza kuandika kufuli la programu, na nakumbuka kabisa nilivyolichagua lile neno. Nilianza na "hitilafu". Nikafuta. Nikaandika "udanganyifu", kwa herufi kubwa, nikaliweka kwenye rangi nyekundu, na nilipolisoma kwenye kioo nikahisi nafuu kama ya mtu aliyemjibu adui yake barabarani mbele za watu.

Adui mwenyewe hajawahi kulisoma. Nakala aliyo nayo ni ya kabla ya kufuli, inafanya kazi mpaka leo bila kumuuliza chochote.

Baada ya lile swali la mama nilirudi kwenye WhatsApp nikatafuta picha zote za kisanduku chekundu nilizowahi kutumiwa. Nilizipata saba. Tano zilikuwa betri. Moja kijana wa duka alikuwa anachezea tarehe ya kompyuta, hajui lolote. Moja, moja tu katika miaka mitano, ilikuwa ya mtu aliyerudisha saa kweli, na huyo alinikiri mwenyewe kwenye simu akicheka, akalipa siku hiyohiyo.

Sita kwa moja. Mlinzi wa getini mwenye rekodi kama hiyo ungemwachisha kazi kabla ya mwezi kwisha.

## Ujanja wa saa niliujulia wapi

Sasa niseme ambalo nimekuwa nikilizunguka.

Niliweka mtego wa saa kwa sababu ujanja huo niliutumia mimi. Nikiwa sekondari kulikuwa na programu za majaribio za siku thelathini; siku ya ishirini na tisa unarudisha tarehe mwezi mmoja nyuma, unaendelea. Zilizokataa tulizikraki, yaani tulizivunja kufuli. Kulikuwa na vile vijiprogramu vya kutengeneza namba za leseni, ukivifungua vinapiga muziki wa vinanda vya kidijitali kwa sauti ya juu, intaneti kafe nzima inageuka kukutazama. Windows ya kwanza niliyoishika haikununuliwa na mtu yeyote ninayemjua. Nilijifunza kazi inayonilisha leo kwa kutumia vitu ambavyo sikuvilipia hata senti.

Sijivuni nalo, ila pia siwezi kujifanya silijui. Bei ya zile programu, kwa mtoto wa Mbagala wa 2007, ilikuwa sawa na kuambiwa anunue meli. Kama kufuli zake zingefanya kazi sawasawa, leo ningekuwa nauza kitu kingine.

Kwa hiyo mwizi alikua, akawa mlinzi, na akawa analinda mali yake dhidi ya watu kama alivyokuwa yeye. Hata Bill Gates wa Microsoft aliwahi kukaa upande huo wa hasira. Februari 1976, akiwa na miaka ishirini tu, aliandika barua ya wazi kwa wapenzi wa kompyuta akilalamika kwamba wengi wanaotumia BASIC yake, lugha ya kuandikia programu kwenye kompyuta iitwayo Altair, hawakuinunua, wamenakiliana. Niliisoma barua ile zamani nikamwona bahili. Niliisoma tena 2019 nikataka kumpa mkono.

Mwezi uliopita niliisoma mara ya tatu, na sikujua nikae upande gani.

## Gemu iliyofilisika

Kuna kisa ninachopenda kuwasimulia mafundi wenzangu tukiwa kijiweni, na mpaka majuzi nilikuwa nakisimulia kama mtu anayesimulia ushindi wake mwenyewe.

Aprili 2013 ndugu wawili wenye kampuni ndogo iitwayo Greenheart Games walitoa gemu, Game Dev Tycoon. Ndani yake unaendesha kampuni ya kutengeneza magemu: unaanza gereji, unaajiri, unakua. Siku ya kuitoa walifanya jambo la ajabu, waliiweka wenyewe kwenye mitandao ya wizi, nakala iliyofanana na halisi isipokuwa kitu kimoja. Ukicheza saa kadhaa, kampuni yako ikishakua, unaletewa taarifa kwamba watu wanaonekana kuiba magemu yako badala ya kununua. Mauzo yanaporomoka. Utengeneze gemu nzuri vipi, mwisho unafilisika.

Siku ya kwanza walihesabu wachezaji: 214 walikuwa wamenunua, 3,104 walikuwa na nakala ya wizi. Na utamu wa kisa ni hapa. Baadhi ya wezi walikwenda mtandaoni kuomba ushauri: jamani, kampuni yangu inakufa kwa sababu ya wizi, hivi hakuna namna ya kubuni kufuli humu ndani?

Tulikuwa tunacheka mpaka chai inapoa.

Wiki ya pili baada ya mkasa wa Tandika nilikuwa nakisimulia tena, na katikati ya sentensi nikanyamaza. Wale jamaa mtego wao ulikuwa ndani ya nakala ya wizi peke yake. Yeyote katika wale 214, aliyetoa hela yake, hakukutana nao hata siku moja. Kwake gemu ilikuwa gemu tu. Mimi nimefanya kinyume. Nakala ya wizi ndiyo laini isiyo na mtego, na mtego nimewauzia walionilipa.

Na si kwamba sikuwahi kukaa upande wa pili wa kufuli. Mwaka huohuo wa 2013, mwezi Machi, ilitoka SimCity mpya, gemu ya kujenga mji, ambayo ilidai intaneti muda wote hata kama unacheza peke yako. Seva zikazidiwa, na walionunua wakabaki siku kadhaa wanatazama mlango. Ilielezwa kwamba kuifanya icheze bila intaneti kungehitaji kazi kubwa ya uhandisi. Haikupita muda mrefu mdukuzi mmoja akaonyesha mji unaendelea kujengeka bila kuunganishwa na seva. Mwaka uliofuata kampuni yenyewe ikatoa njia ya kucheza nje ya mtandao.

Hiyo sikuinunua, niliisoma tu. Ila ninayo ya kwangu. Kuna gemu niliilipia kwa pesa halali, ya kwanza maishani kuinunua baada ya kuanza kupata kipato, nikajiona muungwana. Nikaenda nayo Kilwa msibani, siku ya tatu wageni wamepungua, usingizi haupo, nikawasha laptopu. Ikaniambia haiwezi kuthibitisha kwamba ni yangu mpaka nipate mtandao. Mtandao pale unapatikana ukipanda kwenye kichuguu nyuma ya msikiti.

Kampuni siitaji. Nilichokifanya ni kuitukana, kwa sauti ya chini kwa heshima ya marehemu.

Mimi nililipa, nikafungiwa, nikatukana. Yule mama alilipa, akafungiwa, akauliza swali.

## Ilikuwa ngapi?

Ninapokwama na kazi huwa kichwa kinanirudisha kwenye kibanda cha gemu cha pale mtaani kwetu, na safari hii kilinirudisha kwa sababu.

Mwaka 2007, PlayStation 2 mbili, televisheni mbili za mgongo, benchi moja, feni haipo. Gemu ni PES 6, ya mpira wa miguu, diski ya kuchoma, jina limeandikwa kwa kalamu ya maka. Chelsea inaitwa London FC na Liverpool inaitwa Merseyside Red kwa sababu Konami, waliotengeneza gemu, hawakuwa na haki za majina, mpaka akatokea mtu na memori kadi iliyorekebishwa. Adriano wa Inter alikuwa marufuku, amri ya kibanda: mtu mwenye shuti la namna ile si mchezaji, ni silaha. Mechi moja shilingi mia mbili. Aliyefungwa analipa, aliyeshinda anabaki na pedi.

Na umeme ulikuwa unakatika.

Hapo ndipo palipokuwa na kesi. Mko dakika ya sabini, mmoja anaongoza, giza. PlayStation haikumbuki chochote. Ukirudi umeme, mechi imepotea. Kaka mwenye kibanda alikuwa na sheria moja. Umeme ukirudi anauliza wote wawili, "Ilikuwa ngapi?" Mkikubaliana, basi ndiyo hiyo. Mnacheza mechi mpya na mabao ya zamani mnayabeba kichwani, naye anayabeba pia. Mkibishana, mnaanza sifuri na kila mmoja anatoa mia.

Hakuwa mjinga. Alijua tunaweza kumdanganya. Nilimdanganya mimi, siku moja, nikiwa nimefungwa tatu moja na mtoto mdogo kwangu ambaye nilijua hatathubutu kunipinga. Nikasema, "Moja moja." Mtoto akatazama chini. Kaka akanitazama mimi, kisha mtoto, kisha mimi tena, kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko mechi yenyewe. Akasema, "Haya. Moja moja."

Nikafungwa tena. Nikalipa mia mbili yangu, akaipokea, akamwita anayefuata.

Miaka kumi na nane imepita. Kwa umri wake wa wakati ule, nadhani nimeshampita. Na nilipopewa nafasi ya kuamua mashine ifanye nini umeme ukikatika na kumbukumbu zikapotea, sikuifundisha kuuliza. Niliifundisha kuhukumu.

## Kufuli lenye adabu

Msidhani nilikurupuka kubadilisha. Wiki tatu za kwanza nilichofanya ni kurekebisha maneno tu. "Samahani, saa ya kompyuta inaonekana haiko sawa. Tafadhali wasiliana nasi." Rangi ya bluu. Nikajipongeza. Kisha nikaijaribu kwenye laptopu yangu, nikarudisha saa nyuma, kisanduku cha bluu kikatokea, nikajaribu kuuza msumari mmoja wa kufikirika nikashindwa. Bado siuzi. Nimefungiwa kwa adabu.

Rafiki yangu tunayeshirikiana kazi nilipomweleza nataka kuondoa kufuli kabisa alinitazama kama mtu aliyesikia nataka kuhama dini. "Utakufa njaa," akasema, halafu akanipigia hesabu kwa simu yake: wateja ishirini na wawili mara laki na ishirini, milioni mbili laki sita na arobaini kwa mwaka. Hiyo ni kodi ya nyumba na ada ya mtoto. "Mtanzania gani atalipa kitu kinachofanya kazi bila kulipiwa?"

Nilitaka kumjibu kwamba yule mama angelipa. Lakini yule mama ni mmoja, na biashara haijengwi juu ya mtu mmoja mwenye tabia njema. Swali lake sina jibu lake mpaka leo ninapoandika.

Nilichofanya ni hiki. Leseni ikiisha, programu inaendelea kuuza, kutoa risiti na kuonyesha madeni, ila juu kunakuwa na mstari wa njano unaosema iliisha lini. Ambaye hajalipa hapati maboresho mapya, na akikwama sipokei simu yake usiku. Hesabu zake anaweza kuzitoa zote kwenda Excel siku yoyote, hata kama tumegombana. Hili la mwisho nilishangaa kwamba halikuwemo tangu mwanzo. Miaka mitano hesabu za watu zilikuwa ndani ya kabati ambalo ufunguo ninao mimi, na sikuwahi kuliona hivyo.

Na saa ikirudi nyuma, haifungi. Inauliza. "Saa ya kompyuta hii inasema leo ni 1 Januari 2013, lakini mauzo ya mwisho yalikuwa 14 Mei 2025. Leo ni tarehe ngapi?" Chini yake kuna nafasi ya kuandika, na mstari mdogo unaoeleza kwamba huenda betri imekufa, inaitwa CR2032, fundi yeyote anayo.

Ukijibu, inaamini.

Kuiandika kulinichukua saa moja na nusu. Kufuli la 2019 lilinichukua siku tisa.

## Soda

Tangu nisambaze toleo hilo, leseni za wateja watano zimeisha. Watatu walilipa ndani ya wiki. Wa nne ameomba mpaka mwisho wa mwezi, na huyo huwa anaomba kila mwaka.

Wa tano nilipita dukani kwake Temeke, nilikuwa nahitaji taa. Mstari wa njano uko juu ya kioo, una siku kumi na moja, na chini yake mauzo yanakwenda, risiti zinatoka, tip, tip, tip. Alinipokea kwa furaha ya kweli, akaniulizia watoto, akamtuma kijana aniletee soda. Hakuutaja mstari wa njano. Na mimi sikuutaja. Nilikunywa soda mpaka ikaisha, nikaaga.

Kwenye daladala nilinuna njia nzima. Niliandika kichwani kisanduku chekundu kizuri kuliko cha kwanza, chenye maneno makali zaidi na jina lake juu. Nilifika nyumbani nikafungua laptopu, nikaifunga, nikaenda kula. Sikuahidi kwamba kesho yake sitaifungua tena.

Jumamosi nikaenda Tandika. Betri ya mama ni mpya, kwa hiyo ili aone mabadiliko ilinibidi nizime kompyuta, nifungue ubavu, nichomoe kibetri kwa ukucha na kukiweka juu ya kaunta buku. Tukasubiri kidogo. Nikawasha.

Swali likatokea. Akavaa miwani. Alilisoma lote, midomo ikicheza, kisha akageuka kutazama kalenda ya kampuni ya saruji ukutani, akarudi, akaandika tarehe kwa kidole kimoja, tarakimu baada ya tarakimu. Programu ikafunguka, madeni yake yote yako mahali pake.

Akanyamaza kidogo.

"Na nikiidanganya?"

"Itakuamini, mama."

Akaniangalia kwa juu ya miwani, akaokota kile kibetri pale kwenye kaunta buku, akanikabidhi.

"Haya, rudisha betri yangu. Kuna mtu anataka misumari."